Sakafu Waliyompigia Yudith

Katika kijiji cha Chihembe, ng'ambo ya mbuga ya Bahi, hapakuwa na mwanamke aliyejua kupiga sakafu ya kupuria mtama kama Evelina. Mavuno yakikaribia, watu walimfuata nyumbani kwake kama wanavyofuatwa wakunga. Alichagua mwenyewe udongo wa kichuguu, akauponda, akauchanganya na mavi mabichi ya ng'ombe na maji, akaumwaga chini. Wanawake wakapiga magoti na kuusukuma kwa viganja, wakirudi nyumanyuma, mpaka uwanja ukawa laini kama kibuyu. Baada ya hapo sakafu iliachwa ikauke, na hapo ndipo Evelina alipokuwa mkali. Mbuzi akiikanyaga kabla ya wakati, mwenye mbuzi alisemwa mpaka akabadili njia ya kupitia. Lakini ikishakauka, walisema, punje moja ya mtama ikiangukia pale hata kipofu angeiokota.

Alifiwa na mume mapema, akaachiwa binti mmoja, Yudith. Mtoto huyo alikua akibeba mavi ya ng'ombe kwa karai kumfuata mama yake kutoka uwanja hadi uwanja. Alikuwa na akili ya hesabu. Masista wa Mvumi wakamchukua akasoma sekondari, na alipomaliza akaenda jeshi la kujenga taifa pale Makutupora. Huko ndiko walikotokea watu wakitafuta vijana wa kusomea urubani. Wasichana wenzake walicheka. Yeye akanyoosha mkono.

Evelina alipoletewa habari kwamba mwanawe amepelekwa Ethiopia kujifunza kurusha ndege, alikuwa anapepeta uwele. Aliweka ungo chini, akauliza swali moja tu:

"Huko juu atashika wapi?"

Erica, jirani yake na mwenzake wa kupiga sakafu, alimjibu, "Atashika usukani, Mama Yudith. Unadhani atashika mkia?"

Wakacheka mpaka machozi. Lakini jioni Evelina alisimama uani peke yake, akatazama juu kwa muda mrefu. Kulikuwa na mawingu mepesi tu, na hakuona mahali pa mtu kushika.

Yudith alirudi akiwa rubani. Hapakuwa na mwanamke mwingine wa Kigogo aliyewahi kufanya kazi ile. Akaajiriwa na shirika moja dogo la ndege za tiba lililokuwa na ofisi Dodoma mjini. Kazi yao ilikuwa kupeleka wauguzi, chanjo na damu kwenye vijiji ambavyo gari haliendi wakati wa masika. Alitua Kondoa, akatua Mpwapwa, akatua mahali ambapo wazee walipomwona akishuka waliendelea kungoja rubani ashuke. Wasichana waliozaliwa Chihembe miaka ile, wanne au watano, waliitwa Ndege, na wapo mpaka leo na watoto wao.

Ila Chihembe yenyewe alikuwa hajatua, kwa sababu hapakuwa na kiwanja. Ndipo shemeji yake Evelina, Joshua, mwenyekiti wa kijiji, alipowaitisha watu. Wakajitolea kwa majembe na mashoka, wakang'oa visiki, wakafukia mashimo ya mhanga, wakapata uwanda mrefu ulionyooka kando ya mbuga. Mganga wa zahanati, Gaudence, kijana mgeni kutoka Bukoba, alimfundisha Joshua masharti: pasiwe na ng'ombe, pasiwe na shimo, pasiwe na maji. Yakitimia yote, atandike shuka jeupe mwanzoni mwa kiwanja, rubani aone kwamba pako salama.

Ikaletwa habari kwa redio ya zahanati kwamba ndege ya kwanza itakuja Ijumaa na chanjo za watoto, na rubani ni Yudith. Gaudence akaondoka kwenda Bahi kufuata mafuta ya taa ya jokofu la chanjo.

Evelina akaenda kukitazama kiwanja. Alikitembea kwa miguu mitupu, kama alivyozoea kupima udongo. Aliona nyufa, mabua yaliyokatika, vumbi na changarawe.

"Shemeji," alimwambia Joshua, "hapa ndipo mtakapomshushia mwanangu? Kwenye shamba la karanga?"

"Bwana mganga amesema panafaa."

"Bwana mganga ameoa? Ana mtoto wa kike anayerudi kwao mara ya kwanza na heshima yake?"

Joshua akajikuna shingo. "Unataka tufanye nini, Mama Yudith? Tumtandikie mkeka?"

"Tumpigie sakafu."

Hakuna aliyeona ajabu. Kwa nini waone? Mtama, ambao ni chakula tu, hupigiwa sakafu. Mtoto wa kijiji ashukie kwenye vumbi? Wanawake wakatoka nyumba kwa nyumba. Hawakuweza kumaliza kiwanja chote, kwa hiyo wakachukua mwanzo wake, pale ambapo Gaudence alionyesha kwamba magurudumu yatagusa. Wakabeba maji kutoka mbugani kwa ndoo na vibuyu. Wakapiga magoti kwa safu, wakaimba, wakarudi nyumanyuma. Evelina aliagiza udongo uwekwe mnene kuliko wa kupuria, kwa heshima. Siku mbili walifanya kazi ile, wakamaliza Jumatano. Kipande kile kiking'aa kijivu kwenye jua, wote walikubali kwamba hawajawahi kupiga sakafu nzuri kama ile.

Joshua alikuja na shuka lake mkononi siku ya Ijumaa asubuhi, akasita.

"Bwana mganga alisema pasiwe na maji."

"Maji yako wapi, shemeji? Gusa."

Akagusa. Juu palikuwa pakavu. Evelina mwenyewe alijua kwamba kwa kupuria angeiacha wiki nzima, maana ulikuwa wakati wa baridi na upepo, na udongo mnene hukauka polepole. Lakini hakufikiria kupura. Alifikiria ndege, kitu alichokiona maisha yake yote kikielea juu bila kushikwa na lolote. Kitu kinachobebwa na upepo, aliwaza, hakiwezi kuwa kizito kama ng'ombe. Wanawake wenyewe walikuwa wamepita juu ya sakafu tangu jana na haikubonyea. Itamchukua.

Joshua akatandika shuka.

Ndege ilipotokea upande wa Bahi, ngoma za wanawake zikaanza na vigelegele vikapanda. Ilizunguka mara moja juu ya vichwa vyao. Evelina aliona mkono ukipunga dirishani, au alidhani ameuona. Kisha ikashuka, ikagusa mwanzo wa sakafu.

Magurudumu yakazama. Udongo ukajikunja mbele yake kama ngozi ya ng'ombe inayochunwa, ndege ikateleza upande, ikachoma pua chini, pangaboi likala ardhi na kuvunjika. Kila kitu kikanyamaza isipokuwa ngoma moja nyuma kabisa, iliyoendelea kidogo kwa sababu mpigaji alikuwa hajaona.

Muuguzi alitolewa na mkono uliovunjika. Yudith alishuka mwenyewe, mdomo ukitoka damu. Hakumwendea mtu. Alirudi nyuma kwenye alama za magurudumu, akachuchumaa, akaokota bonge la ule udongo, akalivunja katikati. Ndani lilikuwa bichi, na harufu yake ilikuwa ya utoto wake. Alipoinua macho aliwaona wanawake wamesimama kwa safu, kucha zao bado zina udongo ule. Wa mbele yao alikuwa mama yake.

"Umeumia, mwanangu?"

"Hapana, mama."

"Imekuwaje?"

Yudith alitazama lile bonge mkononi, akaliacha lianguke.

"Breki," alisema. "Breki zilinishinda."

Kisha akawaomba wanawake wakwangue udongo wote uliobaki na kuutupa mbugani, ili ndege ipate kuvutwa. Wakaukwangua. Gaudence alipofika jioni alikuta kiwanja kikavu, kama alivyokiacha, na kwa kuwa wote waliamini ni breki, hakuna aliyemtajia sakafu.

Muuguzi naye hakujua zaidi ya kwamba walitua vibaya. Shirika likamwuliza Yudith, naye akajibu kwamba alishuka kwa kasi mno, kosa ni lake. Ulikuwa wakati ule wa mageuzi, mashirika yakipunguza watu, na rubani aliyevunja ndege kwa kosa lake mwenyewe hakuhitaji kutafutiwa sababu nyingine. Akarudi Chihembe na sanduku moja.

Ndege nyingine ikaanza kuja, na rubani mwingine, mwanamume. Ilitua salama pale pale, na watoto walichanjwa. Ilipokuja, kijiji kizima kilikimbilia kiwanjani. Yudith alibaki shambani akilima, mgongo ameupa kiwanja, na ngurumo ilipopita juu yake jembe halikusimama.

Evelina alimwona, na kila alipomwona moyo wake ulikatika upya. Alimpikia mlenda aliopenda. Alimwuliza kwa nini asiombe kazi mahali pengine. Yudith alimweleza kwamba leseni ya rubani hufa kama moto usiochochewa. Asiporuka kwa muda fulani, anakuwa si rubani tena, na nani angempa ndege mtu mwenye doa lile?

"Kwa ajili ya breki tu?" Evelina aliuliza.

"Kwa ajili ya breki tu, mama."

Watu nao hawana haya. Kilabuni kulikuwa na mzee aliyependa kumwita akipita na jembe: "Yudith, hebu tueleze, breki ya jembe iko mguu gani?" Wenzake wakacheka na yeye akaenda zake. Hilo Evelina aliweza kulimeza. Lililomshinda lilikuwa la Elieth, binti wa Erica, aliyefaulu darasa la saba na kuchaguliwa kwenda sekondari. Baba yake alikataa. "Nikusomeshe ili ukaangushe ndege?" alisema mbele ya watu. "Tumeshaona mwisho wa mwanamke msomi." Elieth akaozwa upande wa Manyoni kabla ya mvua. Erica hakumlaumu Evelina kwa neno, ila siku zile walipopiga sakafu pamoja hakuimba.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa mavuno mema, na biashara ilikuwa imefunguliwa. Zamani mtama uliuzwa kwa chama cha ushirika. Sasa wafanyabiashara walifika wenyewe mpaka uani kwa mtu, kila mmoja na mzani wake. Mmoja wao alikuja na pikapu iliyojaa magunia, akarudi kinyumenyume bila kutazama, akaingia juu ya sakafu mpya ya Evelina iliyokuwa na siku mbili tu.

"Wewe baba, toka hapo," Erica alimpigia kelele. "Huoni sakafu mbichi?"

"Mbona imekauka, mama?"

Magurudumu yalikuwa yamezama tayari. Dereva akakanyaga mafuta, gari likateleza upande, na udongo ukajikunja mbele ya tairi kama ngozi inayochunwa.

Erica aliendelea kumsema yule dereva. Evelina alikaa chini. Aliitazama ile mikunjo ya udongo, na ubichi wa ndani yake uliokuwa mweusi chini ya ukavu wa juu. Alikwisha kuiona mahali. Alikaa hapo mpaka gari likavutwa na watu, mpaka Erica akamshika bega na kumwuliza kama ana homa.

"Breki," Evelina alisema.

"Breki gani?"

Aliinuka akaingia jikoni, akamkuta Yudith anachambua mboga.

"Mwanangu. Siku ile haikuwa breki."

Yudith aliendelea kuchambua.

"Ilikuwa sakafu yangu."

"Mama, yamekwisha hayo."

"Ulijua tangu uliposhika ule udongo. Kwa nini hukusema?"

Yudith akaweka mboga kando. "Niseme nini? Ningesema, wangemchukua baba mdogo Joshua kwa kutandika shuka. Wangekifunga kiwanja. Na wewe wangekuuliza maswali mbele ya watu wenye tai, na ungewajibu kwamba ulitaka nishuke mahali pazuri." Akaivuta tena ile mboga. "Nisingevumilia kuyaona hayo."

"Na wewe je?"

"Mimi nilikuwa mtu mmoja."

Evelina hakulala vizuri tena tangu siku ile. Alikuwa na jambo moja tu kichwani: kwamba kama yeye ndiye aliyemwangusha mwanawe, basi yeye ndiye wa kumwinua. Bila kumuaga mtu alishika njia ya Bahi alfajiri, akapanda treni, akashuka Dodoma na kuuliza njia mpaka kwenye ofisi ya lile shirika.

Alimkuta mtu mmoja tu, Fredy, mtu wa makamo mwenye shati lililofifia, akifunga makaratasi kwa kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Karibu. Viti vimeshachukuliwa, kaa kwenye hiki kikasha."

Evelina akakaa, akajitambulisha, akaeleza yote. Alieleza udongo, unene wake, siku za kukauka, na jinsi alivyomwambia Joshua aguse juu. Alieleza kama mtu anayekiri kanisani, bila kujitetea. Fredy aliacha kufunga makaratasi. Evelina alipomaliza, yule bwana alivua miwani na kuyafuta macho yake.

"Mimi ndiye niliyemhoji," alisema. "Nilijua kuna kitu. Nilimwambia, Yudith, wewe hushuki kwa kasi, nimekuona miaka yote. Kama kiwanja kilikuwa kibovu, sema, kazi yako itabaki. Nikamwuliza tena. Akasema kiwanja kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyowahi kutua."

Evelina akajifunika uso kwa ncha ya kanga.

"Sasa nimesema mimi," alisema akiwa bado amejifunika. "Mrudishe."

"Nimrudishe wapi, mama? Tazama. Ndege zimeuzwa. Wamezinunua watu wa Arusha, wanabebea watalii. Mimi mwenyewe nipo hapa kukabidhi funguo. Ningekuandikia maneno yako yote, lakini sina wa kumpelekea."

"Kama ningekuja mwaka ule?"

Fredy alisita. Hakuwa mtu mkatili, na pengine ndiyo sababu hakumdanganya. "Mwaka ule ungemwokoa," alisema.

Alimsindikiza mpaka barabarani, akamsimamisha mtu wa baiskeli ampeleke stesheni.

Alifika kwake kesho yake, akakuta wanawake wako uwanjani kwa Erica wakipura. Yudith alikuwa miongoni mwao, na Joshua alikuwa ameketi pembeni akinoa panga. Evelina hakuingia nyumbani. Alisimama katikati ya mtama na vumbi lake la safari, magongo yakaacha kupiga.

"Nataka niseme neno," alisema. "Yudith hakuangusha ndege. Breki hazikumshinda. Ndege ilizama kwenye sakafu tuliyoipiga sisi, na aliyewaambia muipige ni mimi, na aliyesema imekauka ni mimi. Yeye alijua, akabeba. Elieth ameozwa kwa kosa langu, Erica. Kila aliyemcheka mwanangu alinicheka mimi na hakujua."

Mwanamke mmoja aligeuza viganja vyake akavitazama. Joshua aliweka panga chini, akasema polepole, "Na shuka nilitandika mimi." Erica alianza kulia, lakini hakulia kwa sauti, na haikujulikana kama alimlilia Yudith au binti yake aliye Manyoni.

Evelina alimgeukia mwanawe. Njia nzima, ndani ya treni na kwa miguu, alikuwa akiuwaza uso huu, namna utakavyofunguka jina lake litakaposafishwa. Haukufunguka. Yudith alikuwa amesimama na gongo lake la kupuria, machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta.

"Ulikwenda mjini," alisema.

"Nilikwenda."

"Wakasemaje?"

"Hakuna ndege tena. Zimeuzwa."

Yudith akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekwisha kulijua hilo. "Mama, nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja," alisema. "Kila waliponicheka nilijiambia, wacheke, mama yangu anatembea kichwa juu hapa kijijini, wanamfuata awapigie sakafu. Hicho ndicho nilichokuwa nacho."

"Mimi nilitaka kukurudishia jina lako."

"Najua."

"Nimekukosea tena?"

Yudith alimwendea mama yake, akamtua furushi la safari kichwani, akalipangusa vumbi na kuliweka kivulini. Akarudi. Mtama ulikuwa umetandazwa wote na jua lilikuwa linaondoka, usingeweza kuachwa nje upatwe na umande. Erica akampa Evelina gongo bila kumtazama usoni. Wakajipanga pande mbili, kama kawaida, mama upande mmoja na binti upande wa pili, wakaanza kupiga. Kazi ile ina nyimbo zake, na kwa desturi mkubwa wa sakafu ndiye huanzisha. Walimngoja Evelina aanzishe. Walipoona haanzishi, wakapura hivyo hivyo, mpaka mtama ukaisha.